Kupanda au kushuka: njia mbili za vyuo vya Kikatoliki Marekani

Chuo cha St. Thomas cha Minnesota kilipanda daraja katika michezo. Mwaka 2019 wenzake wa ligi ya MIAC walikitoa kwa kuwazidi nguvu. Mwaka 2017 kilikuwa kimewachapa St. Olaf 97–0 katika futiboli ya Kimarekani (huo si mchezo tena, ni adhabu). Mwaka 2021 kikaruka kutoka Divisheni ya Tatu ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo), ya chini kabisa, moja kwa moja hadi ya Kwanza, ya juu.

Saint Francis cha Pennsylvania, kidogo zaidi, kimeamua kushuka. Machi 2025 timu yake ya kikapu ya wanaume ilitwaa ubingwa wa ligi yake, ikaingia mashindano ya taifa, ikafungwa na Alabama State 70–68. Siku chache baadaye uongozi ukatangaza kushuka hadi Divisheni ya Tatu, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Huko juu, Divisheni ya Kwanza, wachezaji sasa wanalipwa, na kuhama chuo ni rahisi.

St. Thomas ina jiji na wafadhili wenye pesa. Loretto, kwao Saint Francis, ni kamji tu. Ningekuwa mkuu wa chuo kidogo, ningeshuka, ingawa mchezaji aliyefuata ufadhili ana haki ya kununa.