Waliitia zumaridi yangu mashineni bila kuniuliza

Sijawahi kukasirika dukani kama siku ile. Nilipeleka vitu viwili vya kijani visafishwe: pete ya zumaridi niliyoachiwa na marehemu mama, na hereni zangu za tsavoraiti, kito kingine cha kijani. Kijana wa sonara akavikusanya pamoja, akavitumbukiza kwenye ile mashine inayotikisa maji kwa mawimbi ya sauti. Hakuuliza jiwe lipi ni lipi.

Hereni zilitoka zinawaka. Zumaridi ilitoka imepauka, na mstari mweupe mwembamba kama unywele umeanzia ukingoni hadi katikati. Nikamwonyesha. Bila hata kuinua macho akasema, "Mama, jiwe lako lilikuwa bovu tangu hapo."

Bovu! Mtu anashinda na vito mikononi, hajui kwamba karibu kila zumaridi ina nyufa ndogo ndani, na kwamba nyingi hutiwa mafuta, mara nyingi ya mwerezi, ili nyufa zisionekane? Mashine ile huyatoa mafuta hayo, na ufa wenyewe huweza kuongezeka. Ugumu si kinga. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, zumaridi ni 7.5 hadi 8, tsavoraiti ni 7 hadi 7.5, lakini iliyotoka salama ni tsavoraiti, kwa sababu zangu ni safi ndani na hazikutiwa chochote.

Basi kwa wiki kadhaa nilimwambia kila mtu: achana na zumaridi, nunua tsavoraiti. Ni aina ya ganeti, kundi la vito vya rangi nyingi, iligunduliwa Tanzania mwaka 1967, ikapewa jina la hifadhi ya Tsavo ya Kenya, na inarudisha mwanga zaidi kuliko zumaridi. Peridoti, kito kingine cha kijani, sikuipendekeza kabisa. Kijani chake kina manjano mno, na pete yangu ya peridoti ilichakaa kingo kwa kuvaliwa kila siku.

Halafu sonara mwingine, mzee mpole, akaitazama ile pete kwa lenzi kwa muda mrefu, akaitia mafuta upya. Mstari ukafifia, karibu wote. Jioni nikaiweka chini ya taa kando ya hereni, na pale nikanyamaza. Kile kijani kizito chenye ubluu kwa mbali, tsavoraiti zangu hazina.

Kwa pete ya kuvaa kila siku bado nasema tsavoraiti. Lakini ya mama siivui tena. Naiosha mwenyewe, kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, na kwa yule kijana sirudi.