Namfuatilia Paul Skenes kwa Baseball Savant na jedwali langu mwenyewe: uzoefu wangu

Mechi nyingi za Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya Marekani ambayo Paul Skenes ni mrushaji wake, wakiwa nyumbani huanza saa 12:40 jioni kwa saa za kule. Kwa sisi wa Dar hiyo ni saa 7:40 usiku, na mwenye kazi asubuhi hawezi kukesha. Kwa hiyo nilihitaji kitu cha kunieleza kukikucha Skenes alirusha vipi. Nani kashinda naweza kuliona popote.

Kwanza nililipia programu moja ya simu, jina tuliache. Arifa zinachelewa, matangazo kibao, na ukifungua ndani unakuta matokeo matupu. Nikaachana nayo.

Sasa natumia Baseball Savant, tovuti ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani yenyewe. Ni bure, na huhitaji kujisajili. Kila mrusho umeandikwa: aina yake, kasi, mzunguko wa mpira, ulipita sehemu gani, mpigaji alifanya nini. Takwimu zinatoka kwenye mfumo wa Statcast, ulioingia viwanja vyote vya ligi mwaka 2015. Tangu 2020 unatumia kamera za Hawk-Eye, zile zile wapenzi wa tenisi wanazozijua.

Mimi nachukua faili la mirusho yake, nalitupia kwenye Excel, nabakiza safu chache. Kasi ya fastiboli, yaani mrusho wake wa kasi zaidi, naitenganisha iningi kwa iningi (iningi ni kipindi cha mchezo, mechi ya kawaida ina 9). Akianza na maili 98 kwa saa halafu iningi ya sita yuko 96, kuna uchovu hapo hata kama hajafungwa. Nyingine ni ya splinka, ule mrusho wake unaokwenda kwa kasi ya maili 94 hivi kisha unazama mbele ya mpigaji. Nahesabu ameutumia mara ngapi na wangapi wamepiga hewa. Siku akiupunguza huwa napenda kujua kwa nini, na mara nyingi jibu liko kwenye ramani ya mirusho: unaona kabisa unamtoka nje ya eneo la straiki, lile dirisha la mbele ya mpigaji ambalo mrusho unatakiwa upite.

Lakini safu ninayoipenda kuliko zote nimeiongeza mwenyewe: wenzake walimpatia mikimbio mingapi (ndiyo magoli ya besiboli) akiwa bado uwanjani. Bila hiyo huwezi kuuelewa msimu wa 2025. Rekodi yake ilikuwa ushindi 10, vipigo 10. Ukiishia hapo utasema ni mrushaji wa kawaida. Kumbe ERA yake, yaani wastani wa mikimbio aliyofungwa kwa kila iningi 9 ukitoa ile iliyotokana na makosa ya wadakaji, ilikuwa 1.97. Aliwatoa wapigaji 216 kwa straiki tatu, na tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa National League (nusu moja ya ligi kuu), akaichukua bila kura hata moja ya nafasi ya kwanza kwenda kwa mwingine. Mwezi Mei mwaka huo, Philadelphia, alirusha iningi zote 8 za upande wake (wenyeji wakiongoza hawapigi ya tisa) na bado timu ikalala 1-0. Ni kipa aliyeokoa kila kitu huku mastraika wake wanapaisha, halafu gazeti linaandika amefungwa.

Vya kuvumilia vipo. Kila kitu ni Kiingereza, na kasi iko kwa maili, kwa hiyo nimeweka fomula ya kuzidisha kwa 1.609. Majedwali ni mapana. Kwenye simu utatelezesha kidole mpaka uchoke, bora kompyuta. Na vile viduara vya rangi vinavyomlinganisha na warushaji wengine, chekundu kizuri, cha bluu kibaya, mwezi wa Aprili mimi siviamini hata kidogo. Mirusho bado michache, mechi moja mbovu inageuza rangi yote.

Nyota nne kati ya tano. Kama unataka matokeo tu, usijisumbue na haya. Ukiwa na mrushaji wako mmoja, anza na ukurasa wake, pakua mechi moja tu, uicheze kwenye jedwali kabla ya kubeba msimu mzima. Na uchague ya Jumapili: nyingi huchezwa mchana kule, kwetu saa mbili na nusu usiku, unaweza kuitazama huku unajaza.