Canon 70D used, Mwanza: maoni yangu na ya wenye nayo

Canon 70D ilitoka mwaka 2013 na watu wengi wakisikia hivyo wanakunja uso, wanakwambia achana na hiyo zama zake zimepita, ila mi nimeinunua used hapa hapa Mwanza na naitumia kila wiki, na kwa hela niliyotoa sioni kamera mpya ya kuishinda. Naandika kirefu kidogo kwa sababu nilipokuwa naitafuta maelezo mengi niliyopata yalikuwa ya wauzaji, na muuzaji hata siku moja hawezi kukwambia ubaya wa mali yake.

Nilipata bodi (kamera yenyewe bila lenzi), lenzi ya 18-135 STM (milimita 18 hadi 135, STM ni aina ya mota ya fokasi), betri mbili, chaja na begi kwa laki tisa. Duka lingine mjini walitaka milioni na laki mbili na lenzi ilikuwa 18-55 ya kawaida, kwa hiyo zungukeni jamani, msinunue duka la kwanza. Bei za DSLR (kamera zenye kioo ndani, kama hii) zimeshuka kwa sababu tangu 2018 Canon walipoleta EOS R kampuni imehamia kwenye mirolesi (kamera zisizo na kioo hicho), DSLR yao kubwa ya mwisho ni 1D X Mark III ya 2020, basi wapiga picha wa Ulaya na Japani wanauza za zamani na sisi huku ndo tunanufaika. Na lenzi zako za EF, yaani za DSLR za Canon, hazitupwi, siku ukihamia mirolesi za R unaweka adapta na zinafanya kazi vizuri tu.

Sasa kabla ya kutoa hela nilikwenda kwa watu wanaoitumia kazini, sio wanaoiuza. Kuna kaka mmoja anapiga harusi na sendofu Nyakato, akanieleza kitu ambacho hakuna muuzaji angenieleza, kwamba ukiweka lenzi yenye apacha (tundu la kupitisha mwanga) kubwa kama 50mm f/1.8 halafu unapiga kwa kuchungulia kwenye kitundu, kuna bodi za 70D fokasi inakosea kidogo, unalenga jicho la bibi harusi inashika sikio. Ila akaniambia pia dawa yake, 70D kwenye menyu ina marekebisho madogo ya fokasi, yale ambayo kwenye 60D, toleo la kabla yake, waliyaondoa, unaweka kamera kwenye stendi unapiga kitu chenye maandishi, unasogeza namba mbele au nyuma mpaka yakae makali, basi umemaliza. Ukitumia skrini hilo tatizo halipo kabisa kwa sababu pale fokasi inasomwa kwenye sensa yenyewe, kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha.

Hiyo fokasi ya kwenye skrini ndo sababu kubwa ya watu kuipenda. 70D ndo kamera ya kwanza Canon kuweka mfumo wa fokasi wa Dual Pixel, unagusa uso wa mtu kwenye skrini na fokasi inateleza taratibu bila kuhangaika mbele na nyuma. Kuna dada anarekodi video za kwaya, zile za kuimba juu ya mawe na ziwani, amekaa nayo miaka na bado anaitegemea. Aliniambia ubaya wake kwenye video ni sauti, ina tundu la maiki lakini haina tundu la hedifoni, kwa hiyo hujui umerekodi nini mpaka urudie kusikiliza. Yeye anatumia rekoda ya pembeni, na kwa kwaya ni lazima tu, maana sauti ya besi ikipasuka hairekebishiki. Video ni 1080p basi, hakuna 4K, na ukifika dakika 29 na sekunde 59 inakata yenyewe. Kwa wimbo haina shida, kwa ibada nzima inabidi mtu akae pale akiangalia.

Mzee mmoja wa studio Kirumba ndo alinifungua macho kuhusu fangasi. Sisi tunakaa na ziwa, unyevu upo, na lenzi ikifungiwa kwenye begi kabatini miezi inaota nyuzi nyuzi ndani ya kioo kama utando wa buibui. Fangasi wakikaa sana wanakula ile rangi ya juu ya kioo na hata fundi akisafisha alama inabaki. Alisema, "Mwanangu, bodi utapata nyingine, lenzi yenye fangasi usiilete hata nyumbani." Mi zangu nazihifadhi kwenye kontena la plastiki linalobana, lile la chakula, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, na jua la asubuhi likiwepo nazitoa zipate mwanga.

Kupima sasa, hapa ndo pa kukaza. Chukua tochi ya simu, fungua lenzi mbele na nyuma, mulika upande mmoja ukichungulia upande wa pili. Vumbi chembe mbili tatu achana nalo, haliathiri picha, nyuzi na ukungu ndo ukatae hapo hapo. Kisha funga apacha mpaka f/22 upige mbingu au ukuta mweupe, vuta picha kwenye skrini, madoa meusi yakiwepo ni uchafu wa sensa, unasafishika lakini uombe bei ipungue. Halafu funika lenzi na mfuniko wake, weka ISO (namba ya jinsi kamera inavyohisi mwanga) 3200, piga, uone kama kuna vidoti vya rangi vinang'aa, hizo ni pikseli mbovu.

Shata ya 70D, pazia linalofunguka kila ukipiga picha, imekadiriwa mizunguko 100,000, haina maana ikifika hapo inakufa, zipo zinazopita sana na zipo zinazokufa mapema, ila ni kipimo cha bei. Muuzaji akikuonyesha namba ya picha kwenye skrini akakwambia unaona imepiga elfu tatu tu, usikubali, ile namba ikifika 9999 inarudi 0001. Kwa Nikon namba ya shata inakaa ndani ya faili la picha yenyewe, unaisoma kirahisi, kwa hizi Canon inabidi uchomeke waya wa USB kwenye kompyuta yenye programu ya kuisoma. Beba laptop yako. Anayekataa usichomeke, muage uondoke.

Betri nazo, ingia menyu ya taarifa za betri utaona afya yake kwa viboksi, vitatu vya kijani nzuri, ikibaki kimoja chekundu hiyo ni ya kubadilisha. Betri ni LP-E6, ile ile ya 60D, 6D, 7D na 5D Mark II na III, kwa hiyo ukiishiwa kwenye shughuli utaazima kwa mwenzio. Na kitu kingine watu wanarudisha lenzi nzima kwa kutojua, lenzi za STM kamera ikiwa imezimwa ukizungusha ringi ya fokasi hakitokei kitu, haijafa hiyo, ndo ilivyotengenezwa, washa kamera kwanza.

Na majina yasikuchanganye. Nyingi zinatoka Japani, na Canon ndogo za soko la Japani zinaitwa Kiss, ukiona Kiss X7i hiyo ni 700D, na Marekani inaitwa Rebel T5i, kamera ni moja. Niliona mahali Kiss imewekewa bei juu kuliko 700D iliyokaa pembeni yake.

Kwenye matumizi imenifurahisha sana. Inapiga picha 7 kwa sekunde, na kule kisiwa cha Saanane na fukwe za Capri Point kwa ndege ni raha, furukombe akishuka kuchukua samaki unapata miguu ikigusa maji, mdiria akisimama hewani kabla ya kujirusha unampata mbawa zote. Kwa ndege unahitaji lenzi ndefu lakini, 55-250 STM used sio ghali na sensa ya kamera hii inakuza mara 1.6 kwa hiyo 250 inakuwa kama 400. Soko la samaki la Mwaloni asubuhi dagaa wakishushwa nilikuwa naogopa vumbi na maji, nimebeba na kitambaa na haijasumbua, japo hii sio kamera ya kumwagiwa maji. Bodi na betri ni kama nusu kilo na robo, shingo inaijua jioni.

Usiku ukumbini inachoka. Mpaka ISO 1600 naipenda, 3200 napeleka kwa mteja, 6400 napunguza ukubwa wa picha kwanza. Na jua linapozama nyuma ya Jiwe la Bismarck, ukipiga jua likae vizuri halafu kwenye kompyuta uvute sehemu za giza, mawe yanatoka na chenga chenga. Hapo Nikon za wakati ule zinaishinda wazi, D7200 ya 2015 unavuta giza na bado picha safi, kwa hiyo mtu wa mandhari tupu asiyejali video mi namwambia akatafute hiyo. Ila mtu wa harusi, kwaya na mitandao, anayepiga picha na video siku hiyo hiyo, 70D ndo yake.

Duka niliponunua, wale vijana niwasifu, waliniacha nitoke nayo nje kwenye mwanga, nikae na laptop, na risiti wakaandika namba ya bodi na ya lenzi. Hiyo namba dai iandikwe. Kamera zinaibiwa, na ukiona namba ya chini imekwanguliwa ondoka hata kama wanakupa kwa laki tatu.

Bei ya kuvumilia nilipokuwa natafuta ilikuwa hapo laki nane mpaka tisa na 18-135. Wakikutajia zaidi ya milioni, ongeza kidogo utafute 80D ya 2016, ina megapikseli 24, pointi za fokasi 45 badala ya 19, na tundu la hedifoni wameweka.