Obama wa Illinois na Ilhan wa Minnesota, nani alianza siasa vizuri?

Wengi tunamjua Obama wa Ikulu tu, ila jamaa kabla ya hapo alikaa karibu miaka 8 kwenye seneti ya jimbo la Illinois, na alivyoingia 1996 mchujo wa ndani ya chama haukuwa na mpambano kabisa, timu yake ilikaa ikakagua saini kwenye fomu za wapinzani moja moja, huyu sio mpiga kura wa eneo hili, huyu kaandika jina vibaya, mpaka wote wakakatwa, akiwemo Alice Palmer, mama mwenye kiti chenyewe. Sheria iliruhusu, lakini mh!

Ilhan Omar, mwanasiasa wa Marekani aliyeishi kambi ya wakimbizi Kenya miaka 4 utotoni, yeye 2016 alimvaa kwenye mchujo Phyllis Kahn aliyekuwa kwenye bunge la jimbo la Minnesota tangu 1973, akamtoa kwa kura. Hapo kwangu Ilhan anaongoza.

Kwenye kazi ndo mambo yanageuka. Ilhan alikaa muhula mmoja wa miaka 2, chama chake wachache bungeni, 2018 akachaguliwa kwenda Congress, bunge la taifa, huyoo Washington. Obama naye alisota upande wa wachache hadi 2003, Democrats, chama chake, walivyoshika seneti ya jimbo ndo akapitisha mswada wa polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Na kupigwa alishapigwa, mwaka 2000 Bobby Rush, mwenye kiti, alimbwaga kwenye mchujo wa kuingia Congress, Obama akaambulia kama asilimia 30 tu. 2004 akachukua useneta wa taifa kwa asilimia 70.