Hydra: mji nausifu, boti niliyokodi sitaki kuisikia

Kampuni iliyotukodisha boti ya tanga na nahodha wake imeniandikia kuuliza safari ilikuwaje. Safari ilikuwa mnyororo wa nanga wa mita 30. Mengine nimeshayasahau.

Kwa asiyeijua, Hydra ni kisiwa cha Ugiriki, mwendo wa saa mbili hivi kwa boti ya kasi kutoka Piraeus. Bandari yake ni kama kikombe kidogo cha mawe, mdomo wake unatazama kaskazini, na nyumba zimepanda mlimani kuizunguka. Boti za tanga hazilazwi ubavu gatini. Unaangusha nanga mbali na gati, unarudi kinyumenyume polepole huku mnyororo ukitoka, unatupa kwanza kamba ya tezi (nyuma ya boti) ya upande wa joshini, unakotoka upepo, kisha ya pili, halafu unakaza mnyororo kwa omo (mbele ya boti) mpaka boti itulie. Msimu wa joto gati hujaa, watu wakafunga safu ya pili mbele ya ya kwanza, na wakati mwingine ya tatu. Chini kwenye tope minyororo imelaliana kama tambi.

Nahodha wetu kipimo chake mwenyewe kilionyesha kina cha mita 12. Akatoa mita 30, akafunga, akawasha sigara. Jamani! Mnyororo hutolewa angalau mara 4 ya kina, na upepo ukiwepo mara 5, yaani pale ilitakiwa mita 50 hadi 60. Nanga hushika ikivutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu inang'oka. Na ukishafunga tezi huwezi kurekebisha kwa kuongeza mnyororo, maana utalegea tu. Lazima utoke, ukaangushe nanga mbali zaidi, uanze upya. Feri ya kwanza ilipoingia, wimbi lake liliikokota nanga na tezi ikagonga jiwe. Nikamwambia tutoke turudie, na safari hii tuache mita moja na nusu kati ya tezi na gati. Akanijibu: "Wewe ni abiria. Abiria hukaa."

Nikakaa. Mpaka leo hilo neno linanichoma kuliko mkwaruzo wa boti.

Asubuhi, kama ilivyotarajiwa, mnyororo wa jirani ulikuwa juu ya wetu. Mtu wa kazi hii hashtuki. Unavuta nanga polepole mpaka mnyororo wa mwenzio uonekane, unapitisha kamba nyembamba chini yake, ncha zote mbili unazifunga kwenye omo. Kisha unashusha nanga yako kidogo: mnyororo wa mwenzio unabaki umening'inia kwenye kamba, wako unajichomoa. Ukishasogea pembeni unaachia ncha moja, mnyororo unarudi chini. Dakika kumi, na jirani hahitaji hata kuamka. Nahodha wetu alibonyeza kitufe cha winchi kama anaita lifti. Winchi ya nanga kazi yake ni kukusanya mnyororo uliolegea; ukiilazimisha kubeba nanga mbili, tena injini haijawashwa na betri imechoka, sakiti breka (swichi ya usalama ya umeme) inakata. Ikakata. Tukabaki hapo tumeganda, maana hakujua iko wapi! Mara nyingi huwa karibu na betri au ndani ya chumba cha mbele. Mtu anaonyeshwa kabla boti haijaondoka, si baadaye kwa simu. Na kwenye simu kampuni ikasema, "Hydra ndivyo ilivyo."

Kinachoniudhi ni kwamba maneno hayo yana ukweli nusu. Bandari ni finyu, na hata nahodha hodari hukamatwa. Lakini kumbuka bandari yenyewe ni ya nani. Baada ya mkataba wa 1774 kati ya Urusi na Waosmani, merikebu za Wagiriki zilipata kupeperusha bendera ya Urusi. Watu wa Hydra wakabeba nafaka, na wakati wa vita vya Napoleon wakapenya vizuizi vya Waingereza. Majumba ya mawe ya akina Kountouriotis na Tombazis yaliyo juu ya bandari ndiyo faida ya safari hizo. Mwaka 1821, Wagiriki walipowaasi Waosmani, merikebu hizo za biashara zikageuzwa za vita. Mbinu iliyotisha zaidi ilikuwa chombo cha moto: kinajazwa vitu vya kuwaka, kinanaswa kwenye merikebu ya adui, kinawashwa, mabaharia wanatoroka kwa mashua iliyofungwa nyuma. Kosa dogo la kamba na unaungua wewe. Kila Juni bado wanachoma chombo bandarini kumkumbuka Amiri Miaoulis, kamanda wa merikebu hizo, ambaye mwaka 1831, alipogombana na serikali, aliilipua manowari Hellas kule Poros ili isiichukue. Kwa hiyo wazee wa gatini walipotufokea, niliwaelewa. Walikuwa na haki.

Basi mji usikose. Nenda kwa feri, mabegi yako uyakabidhi kwa wenye nyumbu (wale chotara wa punda na farasi), bei mkubaliane kabla hawajayafunga. Magari, pikipiki, hata baiskeli hakuna, isipokuwa magari ya huduma kama la taka na la zimamoto. Aliyezoea punda wa Lamu atajiona nyumbani, ila hapa ni ngazi tupu, na mawe yamesuguliwa na kwato mpaka yanateleza. Viatu vyenye soli ya kushika. Maji usiyachezee: jina la kisiwa linatokana na maji, lakini chemchemi zilikauka zamani, ndiyo maana majumba yale yana visima vya kuhifadhia mvua chini ya sakafu.

Nyota nilitaka kutoa moja. Boti yenyewe ilikuwa safi, sikatai, na tanga zilikuwa mpya. Basi ziwe mbili. Hapana, moja. Ya pili nitaiongeza siku watakaponijibu sakiti breka ilikuwa wapi.