Miezi minane na bunduki ya gundi: kilichoshika na kilichobanduka

Bunduki ya gundi niliyo nayo ni ile ndogo ya wati 20, inayoyeyusha vijiti vyembamba vya gundi vya milimita 7, na niliinunua kwa sababu moja tu: nilikuwa nimechoka kutafuta funguo. Tunaishi watu watano, na kila mmoja wetu ana tabia ya kuweka kitu mahali "kwa muda tu", muda ambao huwa hauna mwisho. Funguo zilikaa juu ya friji, chaja zilisokotana ndani ya droo pamoja na mkasi na betri zilizokwisha, penseli za watoto ziliokotwa chini ya makochi, na soksi zilibaki mojamoja bila wenzake. Nilikuwa nimetazama masanduku na vigawanyio vya plastiki vinavyouzwa tayari, nikaona kwamba kuipanga nyumba nzima kwa vitu vya kununua ni jambo la mtu mwenye fedha za kuchezea. Basi nikaamua kutumia vile tulivyokuwa tukitupa, yaani katoni, makopo, chupa za glasi zenye mdomo mpana na suruali za jinzi zilizochakaa, na kununua kifaa kimoja cha kuviunganisha.

Sasa imetimia miezi minane, na karibu kila mwisho wa wiki nimekitumia. Kama ningeulizwa nyota, ningekipa tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ningeiondoa siku za jua kali, kwa sababu nitakayoieleza.

Namna ya kukitumia haina ugumu. Kijiti huingizwa kwa nyuma, kifaa huchomekwa kwenye umeme, na baada ya dakika tano hivi ukivuta kifyatulio gundi iliyoyeyuka hutoka kwenye pua ya chuma. Jambo ambalo nililielewa kwa kuchelewa, na ambalo karatasi ya maelezo haikulitaja kabisa, ni kwamba gundi hii haikauki. Inaganda kwa kupoa. Gundi nyeupe ya maji hungoja maji yake yaondoke, na huhitaji takribani saa 24 ili ifikie nguvu zake zote, ilhali hii ya moto hushika ndani ya dakika moja au pungufu. Hapo ndipo ulipo uzuri wake, kwa kuwa mtu hahitaji kukandamiza kazi kwa mawe na vitabu usiku kucha, lakini hapo hapo ndipo zinapotoka kasoro zake nyingi: chochote kinachoipoza kabla hujaunganisha, au kinachoipasha moto tena baadaye, kinaiharibia kazi.

Nilianza na droo ya jikoni, ile ambayo kila nyumba inayo na ambayo hakuna anayetaka wageni waione. Nilipima kina chake nikapata sentimita 9, nikakata vipande vya katoni vyenye kimo cha sentimita 8 ili vizame kidogo chini ya ukingo na droo isikwame wakati wa kufungwa. Ukiichungulia katoni kwa ubavu utaona karatasi yenye mawimbi iliyobanwa katikati ya karatasi mbili bapa. Mawimbi hayo yakisimama wima kipande hustahimili uzito, yakilala hupindika kwa kuguswa tu. Kundi langu la kwanza la vipande nililikata vibaya, yakalala, na baada ya siku nne droo ilionekana kama kitu kilichokanyagwa. Kundi la pili nililikata sawasawa, nikatia mkato wa nusu kimo kwenye kila kipande pale kinapokutana na mwenzake, mmoja kutoka juu na mwingine kutoka chini, vikaingiliana kama vigawanyio vya ndani ya sanduku la chupa. Gundi niliitia kwenye pembe tu, tone kwa tone, kwa sababu vipande vilivyoingiliana hujishikilia vyenyewe na gundi hapo ni msaidizi. Droo ile ipo mpaka leo. Chaja zina chumba chao, betri chumba chao, na mkasi, ambao zamani ulitafutwa kwa kelele, sasa hutafutwa kwa mkono mmoja gizani.

Nitoe ushauri mmoja kwa atakayeiga: ukitaka kuvipamba vigawanyio kwa karatasi ya zawadi au mabaki ya kitambaa, vipambe kabla ya kuviunganisha, na utumie gundi nyeupe iliyopakwa nyembamba kwa brashi. Nilipojaribu kubandika karatasi kwa gundi ya moto, kila mstari wa gundi ulijionyesha kwa juu kama mshipa wa mkono wa mzee.

Kazi ninayojivunia zaidi ni ubao wa mifuko ulio karibu na mlango. Nilikata mifuko mitano ya nyuma ya suruali za jinzi, nikaacha kitambaa cha sentimita 2 kuzunguka kila mfuko, nikavikunja vile vipindo kwa nyuma na kuvibandika juu ya ubao mwembamba wa mbao uliokuwa mgongo wa kabati la zamani. Kwenye kitambaa kizito bunduki hii ni hodari kupita nilivyotarajia, kwa maana gundi ikiwa bado moto hupenya ndani ya nyuzi kabla ya kuganda, na ukivuta utachana jinzi kabla ya kuibandua. Mfuko mmoja ni wa funguo, mmoja wa miwani, mmoja wa rimoti, na miwili iliyobaki iligombaniwa na watoto mpaka nikalazimika kuandika majina. Yule mdogo, ambaye hajui kusoma vizuri, alikuja kuniuliza, "Baba, wangu ni huu wenye doa?" Nikamwambia ndiyo, na tangu siku hiyo hajaukosea. Ubao wenyewe, hata hivyo, nimeupigilia ukutani kwa skurubu nne, na sababu yake inafuata.

Sababu ni kioo. Mwezi wa pili nilikuwa nimelewa mafanikio, nikatengeneza fremu ya katoni iliyopambwa kwa kamba ya katani, nikabandika ndani yake kioo chenye ukubwa wa kiganja, kisha nikaibandika fremu yote ukutani kwa gundi ya moto tu. Ilikaa siku kumi na moja. Usiku wa kumi na mbili tulishtuliwa na mlio, tukakuta vipande vya kioo sakafuni na mahali pa gundi ukutani pakiwa safi, pamoja na gamba la rangi lililong'oka nayo. Gundi ilikuwa imeshika rangi vizuri kabisa. Rangi ndiyo haikushika ukuta. Tangu hapo kitu chochote chenye uzito au chenye ncha hakikai ukutani kwangu bila msumari au skurubu, na ningeomba mwenye watoto asijaribu kinyume chake.

Makopo nayo yalinisumbua. Nilitaka kuyazungushia kamba yawe vikombe vya penseli, kazi inayoonekana ya mtoto mdogo, lakini baada ya wiki mbili kamba yote ilivuka kutoka kwenye kopo kama ngozi ya nyoka, pete juu ya pete, ikiwa imeshikana yenyewe kwa yenyewe bila kushikana na bati. Chuma baridi huivuta joto la gundi mara inapogusa, kwa hiyo huganda juu juu kabla haijashika. Dawa niliyoipata ni kuliosha kopo kwa sabuni hadi mafuta yaishe, kulikwaruza kwa msasa, kuliweka juani mpaka liwe vuguvugu, na kubandika mwanzo na mwisho wa kamba kwa mkanda wa gundi wa pande mbili. Hata baada ya jitihada hizo nasema yameshika kiasi, si kabisa. Kwenye chupa za glasi sikuhangaika tena. Nilizipamba kwa kitambaa kilichoshonwa kama soksi, ambacho hutoka na kufuliwa.

Kuhusu jua: mapambo ya maua ya karatasi niliyoyaning'iniza karibu na dirisha yaliteleza taratibu alasiri moja, mpaka ua la juu likafika mahali pa ua la chini. Gundi hii hulainika muda mrefu kabla ya kufikia joto la kuyeyuka, na kwenye kioo cha dirisha, nyuma ya jiko au ndani ya gari lililofungwa haifai. Vilevile kifaa changu hakina swichi ya kuchagua joto. Zipo bunduki za joto la chini, la nyuzi 120 hivi, na za joto la juu zinazokaribia nyuzi 190, na zile za chini ndizo zinazofaa kwa vitu laini. Yangu ilitoboa sponji nyeupe ya kufungia vifaa vya umeme kama msumari wa moto ukiingia kwenye mshumaa.

Malalamiko yangu juu ya kifaa chenyewe ni matatu. Waya wake ni mfupi mno, kwa hiyo nafanya kazi nikiwa nimeegemea soketi. Kijiguu cha waya cha kukisimamishia hulala kila kinapoguswa, na bunduki ikilala gundi hudondoka. Nimeweka kigae kilichobaki cha sakafuni chini yake, na matone yakipoa hubanduka kwenye kigae bila tabu. La tatu ni kwamba hakina kitufe cha kuzimia, hivyo kuzima ni kuchomoa, na siku moja tulikwenda kulala kikiwa bado kinawaka. Mke wangu ndiye aliyesikia harufu. Sikuwa na la kujitetea, na tangu usiku huo kinachomekwa kwenye kirefushio chenye taa nyekundu inayoonekana kutoka sebuleni.

Vijiti navyo havifanani. Vile vilivyokuja na bunduki vilikuwa vizuri; pakiti ya pili, ambayo niliinunua kwa kuwa ilikuwa rahisi, ilitoa gundi nyepesi yenye harufu, iliyochuruzika hata baada ya kuacha kifyatulio, na nyuzi zake zilitanda juu ya kazi kama utando wa buibui. Nyuzi hizo huondoka kwa kuzungusha ncha ya pua kidogo kabla ya kuinua mkono, na zinazobaki hupukutishwa zikishapoa.

Niseme pia juu ya kuungua, kwa sababu nimeungua. Tone lilinidondokea kwenye kidole cha shahada nikiwa nabana kona ya sanduku la vinyago, na silika yangu ya kwanza ilikuwa kulifuta, jambo ambalo lililisambaza hadi kidole cha kati. Gundi ikinata kwenye ngozi huendelea kuunguza, kwa hiyo kinachotakiwa ni kuweka mkono chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 na kutoing'oa kwa nguvu. Kwetu sasa kuna mgawanyo wa kazi: watoto hupima, huchora, huchagua rangi na kukata kwa mkasi butu, na mimi peke yangu ndiye ninayegusa bunduki. Mkubwa wao, mwenye miaka kumi na miwili, ameruhusiwa kuitumia nikiwa nimekaa kando yake, na anaitumia kwa utulivu kunishinda.

Makosa husameheka, kwa bahati nzuri. Pamba iliyolowekwa spiriti ikipitishwa kwenye ukingo wa gundi iliyoganda huiachilia, ikabanduka nzima kama kucha ya plastiki, nami nimeokoa meza na kiti kwa njia hiyo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa spiriti huweza kuharibu vanishi, na fanya hivyo bunduki ikiwa imechomolewa na kupoa, maana spiriti hushika moto upesi.

Kwa hiyo kwa katoni, kitambaa, kamba, mbao nyepesi na karatasi ngumu, nyumbani kwetu bunduki hii imelipa gharama yake mara nyingi, na sioni haja ya kununua kubwa zaidi. Kwa bati, glasi, ukuta na jua, itafutwe njia nyingine. Watoto wamekuwa wakiniomba niwatengenezee rafu ya vitabu vyao kwa katoni zilizopandanishwa, nikakata vipande, nikavitazama, nikakumbuka kioo. Vipande hivyo vimegeuka kuwa vigawanyio vya droo ya soksi, na vipimo vya rafu nimempelekea seremala.