Kuchagua kipokezi cha redio ya kompyuta: kigeuzi kipi kinahimili ishara kali?

Anayetaka kununua kipokezi cha redio kinachoendeshwa na programu ya kompyuta hukutana kwanza na idadi ya biti za kigeuzi, yaani chipu inayogeuza mawimbi ya antena kuwa namba, na wengi huchagua kwa idadi hiyo peke yake. Kigezo hicho hakitoshi. La msingi ni nafasi iliyopo kati ya kelele ya kigeuzi chenyewe na kikomo chake cha juu, pamoja na vichujio vinavyokilinda.

Kinadharia, kila biti huongeza nafasi hiyo kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu za ishara), hivyo biti 8 hutoa desibeli 50, biti 14 hutoa 86, na biti 16 hutoa 98. Chipu halisi haifiki huko. LTC2208, chipu nzuri sana ya biti 16 inayochukua hadi sampuli, yaani vipimo vya wimbi, milioni 130 kwa sekunde, ina kelele iliyo desibeli 78 hivi chini ya kikomo, kiwango ambacho kwa hesabu hiyo hiyo ni cha biti zisizofika 13. Hata hivyo, programu inapochuja mkanda (kipande cha masafa) mwembamba wa hezi 2,500 kutoka kwenye sampuli hizo zote, kelele nyingi huachwa nje na mnunuzi hupata desibeli 44 za ziada, ndiyo maana kasi ya sampuli nayo ina thamani yake.

Kikomo cha juu ndicho kinachosahaulika zaidi, ingawa ndicho kinachoharibu usikivu. Kigeuzi cha biti 8 hakina namba iliyo juu ya 255. Ishara ikizidi hapo, kilele chake hukatwa, na ishara bandia huzuka mahali pasipo na kituo chochote. Tena kinachojaza kigeuzi ni jumla ya vyote vinavyokifikia, hata usivyovisikiliza: vituo 10 vyenye nguvu sawa, vilele vyao vikikutana, hufanya volti mara 10 ya kituo kimoja, kwa hiyo kila kimoja hakina budi kubaki desibeli 20 chini ya kikomo.

Kwa sababu hiyo, nafasi ya kwanza naipa SDRplay RSPdx, kwa kuwa ina vichujio vya kuchagua mikanda na vya kuzuia vituo vya utangazaji kabla havijafika kwenye kigeuzi. Soma karatasi yake ya vipimo kwa makini: biti 14 hupatikana hadi sampuli milioni 6 hivi kwa sekunde, kisha hupungua hatua kwa hatua hadi 8 kasi inapozidi milioni 9.2, hivyo usifungue mkanda mpana kuliko unavyohitaji.

Ya pili ni RX-888 MkII, inayotumia LTC2208. Kwa kusikiliza masafa mafupi yote kwa pamoja ingeshika nafasi ya kwanza, lakini kwa kuwa mkanda wote huingia kwa mkupuo, kipunguza nguvu chake kinahitaji mtu anayejua kukirekebisha.

RTL-SDR ya biti 8 inafuata, na inafaa kabisa kwa anayeanza, mradi anunue pia kichujio cha kuzuia vituo vya FM kama anaishi karibu na mnara. HackRF One naiweka mwisho kwa upokeaji pekee: biti zake 8 hulazimika kubeba mkanda wa hadi megahezi 20, na sifa yake kubwa ni kwamba inaweza pia kurusha mawimbi.

Chochote utakachonunua, kipime kabla muda wa kukirudisha haujaisha. Zima urekebishaji wa nguvu wa kiotomatiki, kisha weka kipunguza nguvu cha desibeli 10 kwenye waya wa antena. Ishara ya kweli, ikiwa iko juu vya kutosha ya kelele, itashuka kwa desibeli 10 hivi. Ile inayoshuka kwa 20 au 30, au kutoweka kabisa, imezaliwa ndani ya kipokezi.